Betri Imekufa, au Yanyimwa Moto?



Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, alitujia barazani mama mmoja wa mtaani kwetu, mjane aliyeachiwa na marehemu mumewe pikapu kuukuu ya dizeli. Chakula na karo za watoto wake wanne zatoka humo. Mwanawe mkubwa huondoka kabla ya alfajiri, akachukua nazi na maembe mashambani Kilifi na kuvishusha soko la Kongowea. "Maalim," akatuambia, "nimekuja kutaka shauri. Betri ya kwanza ilikufa, nikauza bangili moja nikanunua nyengine. Haikutimiza miezi miwili, nayo imekufa. Sasa fundi asema ni alteneta, na mimi nimebakiwa na bangili moja."

Tulimwomba asiiuze mpaka tulione gari lenyewe. Huenda baadhi yenu mkastaajabu tumeyajulia wapi mambo haya. Katika ujana wetu, kila madrasa ilipofungwa, tulikuwa tanboi wa lori la ami yetu lililobeba makuti na boriti, na lori lile lilitufunza subira kuliko walimu wengi.

Kwanza tufahamiane juu ya kazi ya kila kitu. Betri ni mtungi wala si kisima. Asubuhi stata huchota mtungini kwa pupa ili kuiamsha injini. Injini ikishaamka, alteneta inayozungushwa na mkanda ndiyo huchota maji mapya na kuurejeza mtungi ulivyokuwa, huku ikilisha taa na vyenginevyo. Ukiamka ukaukuta mtungi mtupu, haifai kukimbilia kununua mtungi mwengine. Huenda mtungi una ufa, ni kweli. Lakini huenda pia mchotaji ni mgonjwa, au ni mzima na maji yamwagika njiani, au usiku kuna tundu linalovuja nyote mkiwa mmelala. Hali zote nne humwonyesha dereva jambo moja tu, gari kukataa kuwaka, na ndiyo sababu betri hulaumiwa kwa makosa ya wengine.

Kinachozipambanua ni mita ya volti. Mita ndogo yauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme kwa bei iliyo sehemu ndogo sana ya bei ya betri, na kuisoma si kugumu kuliko kusoma mizani ya dukani. Akina mama wengi wameambiwa na mafundi kwamba mambo ya umeme si yao. Mita haiulizi aliyeishika ni nani.

Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma 12.6 au kuzidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na ikishuka hadi 12.0 au chini yake, ni karibu tupu. Kisha washa gari, uipime papo hapo betrini. Sasa yapasa isome baina ya 13.8 na 14.5, kwani alteneta yaisukumia moto. Ikiwa namba haikupanda, betri haipati kitu. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na betri yachemshwa: maji yake hukauka upesi, na mara nyengine husikika harufu kama ya yai viza. Kwa malori yenye betri mbili zilizounganishwa kuwa volti 24, zidisheni namba zote hizi mara mbili. Na betri inayosoma vyema ikiwa imetulia lakini ikaporomoka chini ya 9.6 wakati stata yazungusha injini, hiyo ndiyo yenye ufa hasa, maadamu ilikuwa imejazwa kabla ya kupimwa.

Pikapu ya yule mama ilisoma 12.1 ikiwa imezimwa. Ilipowashwa, 12.7. Fundi alikuwa ameishia hapo, na hatuwezi kusema kwamba hesabu yake haikuwa na njia: betri haipati moto, basi alteneta imekufa. Lakini alipima mtungini tu, hakwenda kisimani. Tulipohamisha mita hadi kwenye alteneta yenyewe, kwenye ile skrubu nene ya nyuma itoayo moto, tukasoma 14.2. Mchotaji alikuwa mzima! Volti moja na nusu ilikuwa ikipotea njiani.

Upotevu huo una kipimo chake, na tungependa msomaji akihifadhi kuliko vyote tulivyotaja. Injini ikiunguruma na taa kubwa zikiwa zimewashwa, weka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya alteneta na ya pili kwenye kichwa cha chanya cha betri. Waya ikiwa nzima, mita husoma karibu na sifuri, 0.2 au 0.3, wala haipasi kufika nusu volti. Sisi tulisoma 1.4. Kisha pima upande wa pili, baina ya mwili wa alteneta na kichwa cha hasi. Huko tulipata 0.1, kumaanisha hakuna ila. Basi kosa likawa katika waya moja tu.

Kijana aliifuata waya ile kwa mkono hadi chini ya sahani ya betri, akauondoa mkono ghafula kwa moto alioukuta. Palikuwa na utepe mweusi ulioyeyuka. Tulipozima gari na kuufungua, tuliona ambavyo miaka mingi nyuma mtu aliikata waya, akaiunga kwa kuisokota tu na kuifunga utepe. Hewa yetu hii ya chumvi haisamehe kiungo kama hicho. Shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki zahesabika. Tulikifungua kichwa cha hasi cha betri kwanza, kisha tukabadilisha waya yote kwa nyengine ya unene ule ule pamoja na fyuzi yake, na vichwa vilivyobanwa kwa koleo. Gari lilipowashwa betri ikasoma 14.0. Gharama ya waya na vichwa haikufikia bei ya gunia moja la nazi.

Lau alteneta yenyewe isingetoa moto, bado tusingelikimbilia kununua. Tazameni mkanda: ukilegea au ukawa laini na wa kung'aa kama kioo huteleza, na aghalabu hulia asubuhi gari linapowashwa. Tazameni pia ile taa nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, lazima iwake. Isipowaka, wengi hufurahi wakidhani ni salama, ilhali katika magari mengi ya zamani umeme upitao katika balbu hiyo ndio uiamshao alteneta. Balbu ikiungua, alteneta nzima kabisa yaweza kulala siku nzima. Likiwa si hilo, huwa mara nyingi ni kaboni zilizolika, ambazo fundi stadi huzibadilisha bila ya kuitupa alteneta. Pikapu nyingi za dizeli, mathalani Isuzu zenye injini ya 4JA1, zina pampu ya kuvuta hewa ya breki nyuma ya alteneta. Sili yake ikivuja, oili huingia ndani na kuziharibu kaboni. Ukibadilisha kaboni ukaiacha sili, umejinunulia kazi ile ile kwa mara ya pili.

Tuna neno juu ya mazoea tuliyoyaona katika kila kituo cha malori: fundi huondoa kichwa cha betri injini ikiunguruma, na gari lisipozima asema alteneta ni nzima. Mkatazeni. Betri ndiyo ituliza mawimbi ya umeme, na ikiondolewa ghafula, volti huruka juu na kuunguza dayodi na regyuleta. Tumeona alteneta nzima ikiuawa na kipimo hicho.

Ama lile tundu la usiku, hujulikana gari likichaji vyema mchana na kuamka tupu. Redio na king'ora vilivyoongezwa baadaye ndivyo washukiwa wa kwanza. Gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, fundi aingize mita ya ampia baina ya kichwa cha hasi na waya yake. Katika gari la zamani, kinachozidi milampia 50 chatafutwa kwa kuondoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke.

Na mama au binti atakayeshika mita mwenyewe avue pete na bangili kwanza, kwani dhahabu ikigusa chanya na bodi kwa pamoja huunguza mkono hadi mfupani. Buibui na leso zikazwe mbali na mkanda. Wala pasiwe na moto wala sigara karibu na betri, kwa sababu gesi itokayo humo hulipuka.

Betri ya pili tuliipeleka kuchajiwa polepole usiku kucha, nayo imerudi na uhai. Mama alipokuja kutushukuru alituuliza kama ile ya kwanza nayo ilikuwa nzima. Hatukuwa na la kumjibu. Ilikwisha chukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, na hakuna aliyekuwa ameipima.