Nunua Stendi Kwanza, Speisa Baadaye

Wasee, leo hakuna muziki na hakuna utani. Niko na deni na nataka kulilipa hapa hapa.

Mnakumbuka ile klipu yangu ya kuinua Forester kejani? Sekunde 58. Gari iko chini, mkono wangu unazungusha spana, gari iko juu, mimi nimeegemea boneti nikitabasamu. Hakuna kitu nimewahi kuposti mkakipenda hivyo. Sasa wacha niwachanue: hiyo kazi ilichukua siku mbili, na siku ya kwanza yote sikutoa hata gurudumu moja. Hiyo siku ya kwanza niliikata. Niliona inaboesha.

Juzi kijana mmoja akanitumia picha. Forester kama yangu, magurudumu ya mbele yametolewa, gari imekalia mawe mawili ya Ndarugo, yale ya kujengea. Chini ya gari naona viatu. Ni vyake. Ndugu yake mdogo ndiye alikuwa anapiga picha. Swali lake: "Buda, nimefika hapa, sasa nafungua nati gani?"

Niliitisha namba nikampigia saa hiyo hiyo. Nilimwambia kitu kimoja tu: toka hapo chini kwanza, tuongee ukiwa nje. Alitoka. Hakuna jiwe lilipasuka, hakuna mtu aliumia. Lakini hiyo ilikuwa bahati, na bahati yenyewe haikuwa imeletwa na mimi. Huyo kijana hakuwa mjinga. Alifuata video yangu vizuri sana. Shida ni kwamba kwa video yangu hakuna mahali unaona stendi.

Kwa hivyo msimamo wangu kuanzia leo ni huu: kama huna stendi, huna biashara ya kuagiza speisa. Na sisi tunaotengeneza hizi klipu tukiendelea kuficha matayarisho, tunawauzia watu ajali kwa kifurushi kizuri.

Najua wengine mtasema, "Wacha uoga, hata fundi wa kwetu anatumia mawe miaka yote." Sawa, tuongee kuhusu mawe. Forester ya zamani ina uzito wa karibu tani moja na nusu. Jiwe la kujengea limezoea kubeba ukuta, uzito uliosambaa na usiosonga. Ukiliwekea chuma cha gari, uzito wote unakaa kwa sehemu ndogo kama kiganja. Alafu wewe uko hapo unavuta spana kwa nguvu zako zote, gari inatikisika. Jiwe halipindi kwanza ndio likupe onyo. Linapasuka mara moja. Na huyo fundi wako wa miaka yote, wale mafundi ambao mawe yaliwaangusha hawako hapo kukupa upande wao wa stori.

Jeki nayo? Jeki ni ya kuinua, haikuwekwa duniani kushikilia gari wakati uko chini. Ile jeki ya hydroliki inasimama kwa nguvu ya mafuta, na kisili kidogo kikichoka ndani, mafuta yanarudi na gari inashuka. Ile ndogo ya buti ndiyo mbaya zaidi kwa kazi hii. Ilitengenezwa ubadilishe tairi barabarani uende zako. Inua kwa jeki, shusha gari ikae kwa stendi mbili, alafu isukume na mikono kabla hujaingia. Kama inacheza, anza upya.

Kuna kundi la pili, hawa ni wa "peleka tu kwa fundi, hiyo si kazi ya kufanyia kejani." Hawa ninawaheshimu kidogo, lakini bado hawajanishawishi. Mafundi wazuri wako, na kama hujawahi kufungua nati ya gari, usianzie kwa suspenshoni. Lakini kumlipa mtu alale chini ya jiwe badala yako hakujaondoa hatari. Umeisukuma tu kwa mtoto wa mtu mwingine. Ukienda kwa fundi, angalia kama ana stendi. Kama hana, endelea kutembea, hata kama bei yake ni tamu.

Sasa wacha niwape ile siku ya kwanza niliyoikata.

Kwanza ni mahali. Ploti yetu iko na kabro mbele na mchanga upande wa nyuma. Ungependa nyuma kwa sababu keyateka hasumbui, lakini mguu wa stendi unazama kwa mchanga, na kwa mteremko gari inateleza. Nilimwomba keyateka nafasi sawa kabisa mbele, nikaweka vipande vya mbao nene chini ya stendi ili kabro isibonyee, nikapiga kabari magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma yake, na handibreki juu. Kuomba huko peke yake kulinikula nusu saa na soda mbili.

Pili ni kusoma. Kitabu cha gari yangu kiko kwa Kijapani kama cha gari nyingi zilizoshuka Mombasa, lakini picha ya mahali pa kuweka jeki haihitaji Kijapani. Ukiweka jeki ovyo utakunja sakafu ya gari. Hapo ndipo pia unajua soketi zako. Kwa yangu, nati za juu za strati zilikuwa za 12 na boliti kubwa za chini 19. Nilizijaribu zote kabla, kwa sababu kugundua huna saizi wakati gari iko hewani ni mateso.

Tatu ni kutu. Gari zetu zimepita maji na chumvi kabla hata hatujazijua. Jioni ya siku hiyo nilisugua kila boliti na brashi ya waya, nikapulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikaenda kulala. Asubuhi nikapulizia tena. Boliti iliyolala na mafuta inafunguka na mkono. Ile haijalala inafunguliwa na paipu ndefu na matusi, na ni hapo gari inaanza kutikisika.

Nne ni alama na vipimo. Kabla ya kufungua chochote, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, uandike. Bila hizo namba utasema gari imepanda kwa macho tu. Alafu chukua rangi nyeupe uchore alama kwa boliti ya juu kati ya zile mbili za chini za strati, zile za mbele. Kwa hii Forester boliti hiyo imetengenezwa isiwe duara kamili, ndiyo inaamua gurudumu limeinama kiasi gani. Ukiizungusha bila alama, gari itakula tairi.

Tano, vitu vinavyoning'inia. Paipu ya breki na waya wa ABS zimeshikwa kwa strati. Usipozifungua mapema, uzito wa gurudumu utazivuta. Linki za stabilaiza fungua pande zote mbili, la sivyo mkono wa chini hautashuka na utaanza kupigana nao na nyundo.

Na hapa nataka mnisikize vizuri. Speisa inakaa juu ya strati nzima. Ile nati moja kubwa ya katikati, juu kabisa, USIIGUSE. Hiyo ndiyo imezuia springi iliyokandamizwa. Ukiifungua bila kompresa ya springi, springi inaruka na nguvu ya kuvunja taya. Kwa kazi ya speisa haina haja ya kufunguliwa. Ukiamua kuweka springi ndefu badala ya speisa, hiyo ni kazi nyingine, na hiyo mpelekee mtu mwenye vifaa. Mimi mwenyewe siifanyi.

Mwisho, mtu wa pili. Haji kukushikia simu. Anakaa nje ya gari, anaangalia stendi, anajua kushusha jeki, na ana simu yenye chaji na kredo.

Na hata ukimaliza hujamaliza. Kaza boliti kwa kipimo cha gari yako na spana ya toki, ile inayolia klik. Kama huna, azima. Boliti zinazopita kwa bushi za mpira unazikaza mwisho gari ikiwa imekanyaga chini, la sivyo mpira unabaki umejikunja na unararuka. Kutoka hapo ni polepole moja kwa moja hadi alainimenti. Shusha mwanga wa taa za mbele, kwa sababu gari ikiinuka na taa zinainuka, na yule wa bodaboda anayekuja mbele yako atakuwa kipofu. Ukiendesha kilomita mia hivi, kaza tena. Ongea na watu wa bima yako pia, usingoje waongee na wewe baada ya ajali. Na kumbuka gari imekuwa ndefu, kona ya zamani si kona yako tena.

Juzi mtu aliniandikia, "Wewe uliacha kampasi, utatufundisha nini kuhusu uzito?" Kweli niliacha. Lakini hesabu ya hii kitu haihitaji digrii. Stendi mbili hazifiki bei ya tairi moja mpya ya hiyo Forester yako. Una doo ya speisa, una doo ya tairi kubwa, una doo ya stika, alafu kwa stendi ndipo unakumbuka maisha ni magumu?

Ile klipu nimeitoa. Najua imekuwa na namba nzuri na najua nitazikosa. Nitaitengeneza upya, na matayarisho yatakuwa ndani, hata kama yatafanya video iwe ndefu na nusu yenu mtoroke kabla nifike kwa spana.

Yule kijana alirudisha magurudumu, akashusha gari, na speisa ziko chini ya kitanda chake zikingoja stendi. Alinitumia picha ya hizo speisa, akauliza kama zitaharibika zikikaa. Nilimjibu ni chuma, zitangoja.

Na nyinyi mkiona klipu ya ndai ikiinuliwa na hamwoni stendi, andikeni hapo chini: stendi iko wapi? Hata ikiwa klipu ni yangu.