Sambaza wanapungua: tusiwabebeshe wakimbizi wa ndani lawama yote

Kila mara bei ya sambaza inapopanda katika soko la Kadutu au Nyawera, wasikilizaji hutupigia simu redioni na lawama ileile: eti wakimbizi wa ndani wamejaa kwenye ufuo, wanavua kwa vyandarua vya mbu na kumaliza samaki. Wengine hujibu kwamba ziwa ni kubwa, sambaza ni zawadi ya Mungu, hawawezi kuisha. Mimi naona pande zote mbili zinakosea. Ukifuata maisha ya huyu samaki utaona ni kwa nini.

Sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Walimleta pamoja na ndagala, lakini ndagala hawakushika huku. Sambaza akashika, kwa sababu alikuta vijidudu vingi vinavyoelea majini na hakuna samaki mwingine wa kuvila katikati ya ziwa. Tena hakukuta adui zake: kule Tanganyika huwindwa na sangala na mikebuka, ambao Kivu hawapo. Akazaana, akaenea ziwa zima. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, uvuvi wa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja umelisha familia nyingi za Bukavu, Idjwi, Kalehe, Goma na ng'ambo Rwanda.

Lakini hakuna kiumbe anayeongezeka bila kufika mwisho. Sambaza walipokuwa wengi, walikula kwanza vile vijidudu vikubwa zaidi, na aina moja inayoitwa dafnia ikatoweka kabisa ziwani. Chakula kilipopungua, na wao hawakuweza kuongezeka kama mwanzo. Nafasi yao pia ni ndogo kuliko tunavyodhani. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485, lakini kuanzia mita 60 au 70 kwenda chini hakuna hewa ya samaki kupumua, kumejaa gesi ya methani na kaboni. Samaki wote wanabanana kwenye tabaka la juu. Kwa macho yetu ziwa ni kubwa, kwa samaki ni chumba kimoja.

Na katika chumba hicho ameingia mpangaji mwingine. Mwaka 2006 wataalamu walimwona kwa mara ya kwanza ziwani Lamprichthys, samaki mwingine wa Tanganyika. Huyo hupenda kukaa karibu na ufuo, na chakula chake kinafanana na cha sambaza wadogo. Kwa hiyo sambaza wanagombania chakula palepale wanapokulia.

Ndiyo maana chandarua cha mbu kinaumiza. Sambaza hukua haraka na huanza kutaga akiwa bado mdogo, kwa hiyo ziwa linaweza kuvumilia uvuvi mwingi wa samaki waliokwisha kutaga. Ni kweli pia kwamba vichanga wengi wangekufa hata bila mvuvi. Lakini tunapozoa ufuo mzima, ghuba kwa ghuba, hata wale wachache ambao wangebaki na kutaga hawabaki. Tunakula mbegu kabla ya kupanda. Na mtoto aliyekuwa analala ndani ya chandarua hicho anabaki na malaria.

Sasa, nani wa kulaumiwa? Mama aliyeacha shamba lake Kalehe kwa sababu ya vita, na anayelala na watoto darasani au kwa watu, hawezi kuambiwa asubiri samaki wakue. Vyandarua vilikuwa ziwani kabla yake. Wenyeji wanavivuta pia, na wako wenye pesa wanaonunua vichanga kwa ndoo na kuviuza vikavu mbali na hapa. Mara nyingi anayechomewa wavu ni yule maskini aliyekutwa majini. Mnunuzi hakuna anayemgusa.

Maoni yangu ni haya. Wavuvi wenyewe, pamoja na machifu, wachague ghuba za kuachwa zipumzike sambaza wanapotaga, na wazitaje kwa majina ili kila mtu azijue. Udhibiti uanzie sokoni: vichanga visipopata mnunuzi, nani atavivua? Miezi ya kufunga uvuvi ifanane pande zote mbili. Rwanda hufunga kwa miezi miwili kila mwaka, na samaki hawajui mpaka. Na mashirika yanayosaidia waliohama yapeleke chakula katika vijiji vya ufuo hasa katika miezi hiyo. Kumkataza mtu ziwa bila kumpa cha kupika jioni ni kumfundisha kuvua usiku kwa siri.

Kwa ndugu zetu waliohama: ziwa hili ni lenu pia kwa siku zote mtakazokaa hapa. Kamati ya wavuvi ikiitisha mkutano, nendeni. Na ninyi wenyeji, wapeni nafasi ya kusema. Ghuba iliyofungwa bila wao kukubali haitafika wiki mbili.