Kabla ya Kibo, Tazama Mshono

Saa tano usiku, kambi ya Barafu. Ni kituo cha mwisho kwa wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, zaidi ya mita 4,600 juu ya bahari, na jina lake halikutolewa kwa mzaha. Wageni wanatoka mahemani na taa vichwani. Wamekunywa chai, wametafuna biskuti mbili bila hamu, na kila mmoja amevaa nguo tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Mmoja anagundua kamba ya kiatu imelegea. Anavua glavu ya mkono wa kulia, na kwa kuwa kiganja kimeshatoka jasho, mkono unachomoka na bitana yote. Vidole vitano vya kitambaa vimegeuka nje, vinaning'inia kama kiwele.

Kamba inafungwa kwa nusu dakika. Kazi ni kurudi ndani ya glavu. Gumba linaingia njia ya kidole cha shahada, cha pete kinakutana na fundo la kitambaa, cha mwisho hakina pa kwenda. Mwongozaji msaidizi anakuja, anasukuma bitana ndani kwa ncha ya kalamu, anashindwa, mwishowe anauchukua ule mkono na kuubana kwapani mwake, ndani ya koti. Safari ya kwenda kilele cha Kibo, mita 5,895, imeanza kwa kuchelewa robo saa, na mtu mmoja tayari hazisikii ncha za vidole vyake.

Glavu ile haikuwa ya bei rahisi. Dukani ilinunuliwa kwa sababu ni nene, ina nembo inayong'aa na kijikaratasi kinachotaja nyuzi za baridi inazoweza kuhimili. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wananunua joto lililoandikwa kwenye kijikaratasi, wakati kitu cha kununua ni glavu itakayobaki nzima na kavu ikishavuliwa na kuvaliwa mara ishirini usiku kucha, kisha ifae tena kesho, na mwezi ujao, na msimu ujao. Glavu nene iliyopasuka mshono ni soksi ya mkono tu.

Vidole vina sababu zao za kutangulia kuumia. Mwili ukihisi baridi hubana mishipa ya pembeni ili damu yenye joto ibaki kifuani na kichwani, na mikono huachwa ijitegemee. Maji nayo huongeza balaa, kwa kuwa hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana glavu iliyolowa jasho saa sita usiku inaweza kuwa mbaya kuliko glavu nyembamba iliyo kavu. Na ndiyo maana glavu ya kifuko, ile yenye chumba kimoja cha vidole vinne na kingine cha gumba, huwa na joto kuliko yenye vidole vitano, hata ikiwa vitambaa ni vile vile: vidole vinapashana joto, na eneo la kupoteza joto linapungua. Anayeona aibu kuvaa kifuko kwa kuwa kinafanana na nguo za watoto wachanga, akiuliza wanaorudi kutoka Stella Point, ukingoni mwa kreta karibu na kilele, wakati jua linachomoza ataipata habari kamili.

Kisa cha Maurice Herzog kinapaswa kusimuliwa katika kila duka linalouza au kukodisha glavu. Mnamo tarehe 3 Juni 1950, Mfaransa huyo na mwenzake Louis Lachenal walifika kilele cha Annapurna huko Nepal, mita 8,091, mlima wa kwanza unaozidi mita 8,000 kufikiwa kileleni na binadamu. Wakati wa kushuka Herzog alisimama ili atoe kitu kwenye mkoba. Alivua glavu, akaziweka chini, na zote mbili zikateleza mteremkoni mbele ya macho yake hadi zikapotea. Mkobani alikuwa na soksi za akiba ambazo angeweza kuzivaa mikononi, lakini akili iliyochoka katika hewa nyembamba haikuzikumbuka. Alipoteza vidole vyote vya miguu na vingi vya mikono. Kamba ya sentimita thelathini, iliyoshonwa kwenye pindo la glavu na kuzungushwa kifundoni mwa mkono, ingetosha kuzifanya zibaki zikining'inia. Glavu nyingi nzuri za leo zinayo. Wanunuzi wengi huikata kwa sababu inawakera.

Ukitaka kujua glavu ipi hudumu, muulize anayelipwa kwa siku na si anayelipa ili afike. Katika milima ya Marekani ambako watu hucheza ski, yaani huteleza juu ya theluji wakiwa na mbao nyembamba miguuni, wageni huvaa glavu za rangi kali. Wafanyakazi wa mitambo ya kupandisha wageni mlimani, wao wanaoshika chuma na koleo tangu alfajiri, kwa miaka mingi wamezoea glavu za kampuni ya Kinco ya Portland, Oregon, zilizoshonwa kwa ngozi ya nguruwe kama za watu wa shambani. Huzipaka nta, wakazipasha moto kidogo ili nta iingie ndani ya ngozi, na maji yakishindwa kupita wanarudi kazini. Sweden nako, kampuni ya Hestra ilianza mwaka 1936 katika kijiji chenye jina hilo hilo kwa kuwashonea glavu wakata miti. Wateleza theluji walikuja baadaye, wakakuta glavu ya mkata miti inawafaa. Ngozi inayopendwa huko hadi leo kwa kazi ngumu ni ya mbuzi: laini mkononi, imara kuliko wembamba wake unavyoonyesha.

Kuna watakaosema kwamba teknolojia imeshayapita hayo. Mwaka 1969 mhandisi Mmarekani Bob Gore aligundua namna ya kuivuta plastiki ya PTFE hadi ikawa utando wenye vitundu vidogo mno, vinavyozuia tone la maji na kuruhusu mvuke wa jasho kutoka. Utando huo ni msaada wa kweli, hasa katika milima ya Rwenzori, ambako mvua na matope humsubiri mpandaji kabla hajaiona theluji. Lakini utando umejificha katikati ya glavu. Haushiki fimbo, hauvuti kamba, hausuguani na mwamba. Kiganja kikitoboka, utando ni kitambaa kingine tu kinachoelekea kuchanika.

Basi mkaguzi wa kweli huigeuza glavu na kutazama pale gumba linapokutana na kidole cha shahada. Hapo ndipo fimbo, kamba na mpini wa shoka la barafu husugua, na hapo ndipo glavu nyingi hufia. Panapaswa kuwa na kiraka cha pili cha ngozi, kilichoshonwa kwa mistari miwili. Kisha huvuta bitana: iwe imeshikiliwa kwenye ncha za vidole isichomoke, au iwe ya kutoa kabisa, glavu ndani ya glavu, ya sufu au ya manyoya bandia, ili ilale ndani ya mfuko wa kulalia na mwenyewe na kuamka imekauka. Hii ya pili ndiyo bora kwa mlima wa siku sita au saba. Mwisho huivaa na kujaribu kufunga zipu ya koti lake. Glavu inayobana huzuia damu na kuifukuza hewa inayotunza joto. Inayopwaya haishiki zipu. Kwa hili hakuna kijikaratasi kitakachosaidia, mkono ndio mwamuzi.

Ngozi ina sifa nyingine ambayo haiandikwi popote. Inashonika. Glavu ya nailoni iliyoachia gundi hutupwa, lakini ya ngozi iliyofumuka hupelekwa kwa fundi viatu chini ya mwembe, naye kwa msharasi na uzi uliopakwa nta hurudisha mshono kabla chai haijapoa. Sharti moja tu: isikaushwe juu ya jiko. Ngozi iliyokaushwa motoni hukakamaa kama dagaa, kisha hupasuka.

Hapo hoja inarudi Kilimanjaro, na Moshi, mji ulio chini yake. Mgeni hupanda mara moja, akaenda zake na picha. Mwongozaji msaidizi, katika miezi ya wageni wengi, huweza kwenda kileleni zaidi ya mara moja kwa mwezi. Mpagazi mara nyingi hafiki kileleni, lakini ndiye anayeng'oa vigingi vya chuma alfajiri, anayekunja hema lililoganda likawa kama bati, anayebeba ndoo ya maji na mzigo wa hadi kilo 20 uliopimwa langoni. Glavu zake hula kazi kuliko za mtu yeyote mlimani, na bado ndiye anayevaa zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project limefanya jambo la heshima kwa kuwaazima wapagazi mavazi ya mlimani bila malipo, mengi yakiwa yametolewa na wageni. Lakini msaada hauchagui. Kinachoachwa mara nyingi ni kile ambacho mwenyewe hakitaki tena.

Si haki kwamba kifaa cha kazi kimegeuzwa zawadi ya kuagana. Msumeno wa fundi seremala haumsubiri mteja akumbuke kuuacha. Kampuni inayolipwa maelfu ya dola kwa kundi moja inaweza kununua jozi kumi za vifuko vya ngozi vyenye bitana ya kutoa, ikaviandika kwenye daftari la stoo pamoja na mahema, na kuvitengeneza kila msimu unapokwisha. Wapo wanaofanya hivyo. Wengine humwambia kijana ajitafutie kwenye mitumba.

Na ngozi yenyewe iko karibu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mifugo mingi zaidi barani Afrika, na hapo hapo Moshi, eneo la Karanga, kuna kiwanda cha ngozi cha ubia wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF na Jeshi la Magereza kinachotengeneza viatu. Anayeshona kiatu cha ngozi hashindwi na kifuko cha vyumba viwili: ngozi ya mbuzi kiganjani, kiraka pale gumbani, kamba ya kifundo, bitana ya sufu inayotoka. Soko lake la kwanza liko mwendo wa saa moja au mbili kwa gari, kwenye malango ya Machame na Marangu, ambako mizani tayari inapima mizigo ya wapagazi kila asubuhi. Askari anayesoma kilo angeweza, kwa dakika moja zaidi, kumwambia kijana anyooshe mikono na kuitazama ile mishono.