Waliopita Rabai na Waliobaki

Katika vijitabu vya ukumbusho na mafundisho ya kipaimara, habari za Rabai huanza na Krapf na Rebmann na kuishia na Krapf na Rebmann. Katikati huwekwa idadi ya waliobatizwa, ambayo ni ndogo, kisha mwalimu hutikisa kichwa: miaka mingi vile, watu wachache vile! Hukumu hiyo haikuzaliwa kanisani. Imeokotwa katika vitabu vya wasafiri, na sisi tunaosali katika parishi ndogo za pwani tunataka irudishwe ilikotoka.

Richard Burton alifika Rabai mwanzoni mwa 1857 akiwa na mwenzake Speke. Kitabu chake juu ya Unguja na pwani kilitoka 1872, na humo hakuficha kwamba kazi ya misheni ile aliiona si kitu. Alikuwa mgeni wa siku chache. Rebmann alikuwa amekaa pale tangu 1846, anakula na watu, anazika nao, anaandika maneno yao moja moja. Lakini kwa wasomaji wa Ulaya, neno la mpitaji lilikuwa na uzito kuliko la mkaaji. Si mara ya kwanza. Mwaka 1848 Rebmann huyo huyo aliona theluji juu ya Kilimanjaro akaandika alichokiona; akabishiwa na W. D. Cooley, mtaalamu wa ramani ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Theluji ilikuwepo.

Basi mpitaji hakuona nini? Hakumwona Mringe, ambaye alikwisha kufa. Mringe alikuwa mlemavu, mtu ambaye mji wake haukumhesabu, na ndiye malimbuko ya Rabai: alibatizwa akiwa karibu kuaga dunia. Kwa daftari, huyo ni mmoja, tena ametoweka. Baada yake wakaja Abe Gunja na mwanawe Nyondo. Mzee na kijana wa nyumba moja wakikubali kusemwa na jamaa zao kwa ajili ya Kristo: hiyo ni habari ya kuandikwa kwa herufi kubwa, nasi tunaisoma katika maelezo ya chini ya ukurasa, tukibahatika.

Rebmann aliondoka 1875, macho yamekwisha kupofuka. Wengine wangefunga hesabu hapo. Sisi tunasema ndipo inapoanza, maana kilichofuata kilifanywa zaidi na Waafrika. William Jones, aliyetekwa utumwani utotoni na kusomeshwa India, aliliongoza kanisa la Rabai katika miaka ambayo watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia huko. Wenye watumwa walikuja juu, wakubwa wa misheni wakaogopa ghasia, lakini watoro waliendelea kupata pa kulala. Tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 waliokimbilia Rabai na vituo jirani walipewa hati za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Tuulize kwa adabu: wangekimbilia wapi kama kilima kile kingefungwa miaka ishirini nyuma kwa sababu waumini hawatoshi?

Na ni Jones huyo, akiwa shemasi, aliyerudisha Rabai msafara wa Askofu Hannington mapema 1886, baada ya askofu kuuawa Busoga. Walibeba bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, utukufu umeondoka. Watu waliochoka na kufiwa walijua wanarudi wapi. Hilo nalo haliandikwi katika safu ya idadi.

Wageni wa leo hawaji kwa mashua. Huja kwa gari, huketi ibada moja, huhesabu vichwa, hufungua daftari la sadaka, hunywa maji ya madafu, huondoka kabla jua halijakolea. Baada ya miezi tunasikia kwamba parishi fulani ya ufuoni "haijitegemei", na kwamba ingefaa iunganishwe na nyingine iliyo mbali, ng'ambo ya mkono wa bahari. Anayesema hivyo ameandika kitabu cha Burton upya, kifupi zaidi.

Tutaambiwa kasisi hali hewa. Ni kweli, na mapaa yetu yanavuja. Lakini umaskini wa parishi ni neno la kusaidiana, si shtaka. Mfalme Daudi alipohesabu watu wake, Maandiko hayakumsifu kwa utunzaji mzuri wa takwimu.

Ombi letu ni dogo. Atakayeamua habari ya parishi ya ufuoni akae huko masika moja nzima, wakati barabara imekatika. Aone ni nani anayekesha na wafiwa mvuvi anapokosa kurudi, ni nani anayempelekea uji mjane asiyeweza kufika kanisani, na ni mlango gani binti aliyefukuzwa nyumbani anaubisha usiku. Akishaona, alete pendekezo lake, tutalisikiliza. Na kijitabu kijacho cha ukumbusho kiandikwe jina la Mringe katika ukurasa wa kwanza, juu ya majina ya Krapf na Rebmann.