Moto ukizuka usiku, nani atamwamsha mtoto kiziwi wa Ntinda?

Njia panda ya Ntinda, kaskazini mashariki mwa jiji la Kampala, haikosi kelele. Makondakta wa teksi huita abiria wa Kisaasi na Kiwatule, bodaboda hupiga honi, na spika za wauza nguo hushindana tangu asubuhi. Katika mtaa huo ipo Shule ya Viziwi ya Uganda, shule ya msingi ya bweni ambayo wakazi wengi huiita kwa jina la mtaa wenyewe. Kwa mtoto aliyetoka wilaya ya mbali, hapo ndipo nyumbani kwake muhula mzima. Hapo ndipo anapokula, anapougua na anapolala.

Na akilala, nani atamwamsha moto ukizuka?

Swali hili haliitafutii shule hiyo kosa. Linahusu kila nyumba ya malezi na kila bweni la Afrika Mashariki linalolaza watu wasioweza kusikia, kuona au kukimbia kama wengine. Linaulizwa kwa sababu eneo hili limeshazika watoto wengi mno. Usiku wa kuamkia Oktoba 25, 2022, moto ulizuka katika bweni la Shule ya Wasioona ya Salama, wilayani Mukono, ukaua watu 11, wengi wao watoto. Mtoto asiyeona huijua njia ya mlangoni kwa kuizoea, kitanda baada ya kitanda. Moshi, joto na mayowe vikimvuruga, ramani aliyoibeba kichwani hupotea.

Kabla ya Salama palikuwa na Shule ya Msingi ya Budo, Aprili 2008, walikokufa wasichana 19. Kenya ina Kyanguli, ambako wavulana 67 waliteketea mwaka 2001, na Hillside Endarasha kule Nyeri, ambako wavulana 21 walikufa Septemba 2024. Tanzania inaikumbuka Shauritanga ya mwaka 1994, iliyopoteza wasichana zaidi ya 40, na shule ya Kiislamu ya Byamungu, Kyerwa, walikokufa watoto 10 mwaka 2020. Kila mara tume huundwa, rambirambi hutolewa, na maswali huwa yale yale: mlango ulikuwa umefungwa na nani, madirisha yalikuwa na nondo, vitanda vilisongamana kiasi gani, ufunguo ulikuwa kwa nani.

Kanuni zipo. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na serikali ya Kenya mwaka 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, vitanda viachane mita 1.2, na bweni lisifungwe kwa kufuli wanafunzi wakiwa ndani. Ni kanuni nzuri. Tatizo lake ni kwamba zinamfikiria mtoto ambaye kengele ikilia atashtuka, ataona mlango ulipo, kisha atakimbia. Mtoto wa Ntinda anaachwa nje ya hesabu hiyo tangu hatua ya kwanza.

Chukua kengele yenyewe. Wengi hudhani dawa ni kuweka taa ya kumulika badala ya king'ora. Lakini wataalamu waliowapima watu wenye upungufu wa kusikia wakiwa usingizini waligundua kwamba taa peke yake huwaacha wengi wamelala. Kinachoamsha zaidi ni kitanda au mto unaotetemeka. Vifaa hivyo vipo duniani na vimekuwapo kwa miaka mingi. Katika mabweni ya Afrika Mashariki havijawahi kuwa sharti la kupewa leseni.

Kuna jambo jingine ambalo mtu anayesikia halifikirii kwa urahisi. Lugha ya alama huonekana kwa macho. Umeme ukikatika, na Kampala umeme hukatika, matroni anayejua alama vizuri kabisa hawezi kumwambia mtoto chochote gizani. Moshi ukijaa ni vivyo hivyo. Kwa hiyo bweni la viziwi linahitaji taa za dharura zinazojiwasha zenyewe, tochi kwenye kila kitanda cha kiongozi wa chumba, na ishara za kugusa ambazo watoto wote wamefundishwa: bega likipigwa hivi, inuka, mshike mwenzako, toka. Hilo la mwisho halina gharama yoyote zaidi ya mazoezi. Mazoezi yenyewe yanapaswa kufanywa usiku, kwani zoezi la saa nne asubuhi, watoto wakiwa wamevaa viatu na jua likiwaka, halipimi kitu.

Wapo watakaosema nondo na kufuli havikuwekwa kwa ujinga, na wanasema kweli. Bweni la wasichana lisilofungwa ni mwaliko kwa wezi na kwa wanaume wenye nia mbaya. Juni 2023, wapiganaji wa ADF walipovamia shule ya Lhubiriha huko Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, waliua watu zaidi ya 40, na wavulana waliojifungia bwenini wasiingiliwe walichomwa humo humo. Matroni anayeshika ufunguo usiku anaogopa mambo mawili yanayovutana, na si haki kumlaumu kana kwamba anaogopa moja tu. Hata hivyo fundi wa kawaida wa kuchomelea vyuma anaweza kutengeneza nondo zenye mlango mdogo unaofunguliwa kwa ndani bila ufunguo. Mlinzi anaweza kukaa nje ya jengo badala ya kusinzia getini. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mwenye shule kwamba bila hivyo hafungui muhula.

Usalama wa nyumba ya malezi hauishii kwenye moto, na huenda hatari kubwa zaidi ni ile isiyotoa moshi. Uganda ina namba ya bure ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, 116, na jina lake ni Sauti. Kenya na Tanzania pia zinatumia namba hiyo hiyo, jambo la kupongezwa katika jumuiya inayoshindwa kukubaliana hata kuhusu mahindi. Lakini simu ni ya mtu anayesikia na kusema. Mtoto kiziwi anayeguswa vibaya na mtu mzima wa nyumba anamolala atampigia nani? Akienda kituo cha polisi, nani atatafsiri, na je, mkalimani huyo hatatoka katika nyumba ile ile anayoishitaki? Nyumba ya viziwi inahitaji mkalimani kutoka nje, anayekuja kwa ratiba inayojulikana na asiyelipwa mshahara na mwenye nyumba.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka nchi iendeleze lugha ya alama, na mwaka 2008 nchi hiyo iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao ibara yake ya 11 inahusu ulinzi wao wakati wa hatari na dharura. Kwenye karatasi mtoto wa Ntinda amelindwa kuliko watoto wa nchi nyingi.

Hata nchi tajiri zimeteleza hapa. Jengo la Grenfell lilipoungua London mwaka 2017 na kuua watu 72, ilibainika kwamba wakazi wenye ulemavu hawakuwa na mpango wowote wa binafsi wa kuokolewa. Uchunguzi ulipendekeza kila mkazi asiyeweza kushuka mwenyewe awe na mpango wake: nani atamfuata, kwa njia ipi, kwa kifaa gani. Wazo hilo linafaa bweni la viziwi, na linawafaa pia wazee wa nyumba ya Bakateyamba kule Nalukolongo, iliyoanzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga. Mzee wa kiti cha magurudumu hasaidiwi na mlango mpana ikiwa zamu ya usiku ina mtu mmoja.

Serikali itasema hakuna fedha, na kwa vitanda vya kutetemeka huenda ikaeleweka kwa mwaka mmoja au miwili. Kugeuza bawaba za mlango, kukata nondo, kununua tochi na kuongeza mtu wa zamu ya usiku anayejua alama si mambo ya kusubiri bajeti ya mwakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iwe na kiwango kimoja cha mabweni ya aina hii, ili mzazi wa Busia asilazimike kuuliza sheria ya upande gani wa mpaka inamlinda mwanawe.

Na mkaguzi atakayetumwa Ntinda, Mukono au Nalukolongo asifike mchana kunywa chai ofisini. Afike saa nane usiku bila kutoa taarifa, aombe umeme uzimwe, kisha apime ni dakika ngapi zinapita hadi mkazi wa mwisho afike uwanjani.