Bonde Linakumbuka

Mvua za masika zikikatika, shuka Msasani hadi Bonde la Mpunga. Utakuta nyumba ambazo milango yake iko chini ya usawa wa barabara. Waliokuja baadaye walimwaga kifusi, wakainua viwanja vyao, na waliotangulia wakabaki shimoni. Vizingitini pamepangwa viroba vya mchanga, mfano wa tuta la jaruba. Ukutani rangi imebadilika kwa mstari ulionyooka, kimo cha goti la mtu mzima: maji yaliishia hapo. Usiku vyura wanalia hadi alfajiri.

Tunaambiwa eneo hilo limevamiwa na mafuriko. Lakini jina lenyewe linasema palilimwa nini, na mpunga wa bondeni haulimwi pakavu. Maji yako kwao. Wageni ni sisi na zege letu.

Kwa hiyo toleo hili tumelitoa kwa vijiji vilivyomezwa na jiji. Historia ya Dar es Salaam tumezoea kuianzia kwa Sultani Majid bin Said, aliyejenga jirani na kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, kisha tunaruka kwa Wajerumani waliohamishia makao makuu hapo mwaka 1891. Vijiji hupewa sentensi moja, utadhani vilikuwa vichaka vinavyosubiri kufyekwa. Nenda Kunduchi ukatazame magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo yaliyopachikwa sahani za kauri kutoka China, ndipo uniambie nani alimtangulia nani.

Nashikilia kwamba vijiji hivi ni waasisi wa jiji, na majina yao ni hati. Mikocheni palikuwa na mikoche. Mikoroshini palikuwa na mikorosho. Mtu akiyasoma kwa utulivu anapata ramani ya udongo na maji ambayo wapimaji wangeiheshimu kabla ya kukata viwanja.

Na kumezwa kwenyewe hakujaisha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu zaidi ya milioni moja kwa miaka kumi, na wengi wamejenga juu ya shamba la mtu. Hapa pana jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Kijiji kina halmashauri yake, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi usimamizi wa ardhi, mkutano mkuu wa kijiji ukiwa na kauli. Siku kijiji kinapogeuzwa mtaa, kauli hiyo inazimika. Mwenyekiti anabaki na muhuri na barua za utambulisho. Ardhi inaamuliwa kwingine. Bibi aliyerithi ekari mbili za minazi anaamka akiwa na kiwanja kisichopimwa, na mnazi wake unathaminiwa kwa jedwali la fidia. Hajahama hata hatua moja.

Waandishi wa toleo hili tuliwaomba jambo moja: waanzie kwa waliokuwapo, si kwa waliofika. Nawe msomaji, kama nyumbani kuna hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi, picha ya diko la zamani, au mzee anayejua visima vilivyofukiwa vilikuwa wapi, tuletee. Toleo lijalo tutaanza na visima.