Nguo ile ni mwalimu

Wandugu wanafunzi, wengine kati yetu wanasema picha za kuwinda ni mapambo tu. Sisi tunakataa. Kule Utopia, katikati ya inchi ya Australia, wamama wenyeji walianza batiki mwaka 1977: nta ya moto, halafu rangi. Baadaye vikatoka vitambaa 88 vya hariri, kila kimoja na hadithi yake. Mule tunaona kenge wanaowindwa, viazi vya pori, na fimbo za kuchimbia. Mambo hayo hawakuyatoa mu kitabu. Waliyajua kwa miguu na mikono yao. Basi tusiwaite wajinga. Mtu anayejua chakula chake kinalala wapi, nani atamwambia udongo ule si wake?